Mfalme na binti yake: juu ya sinema za Mweze Ngangura

Mara nyingi tunaulizwa: «Sinema hii ni nzuri ao ni mbaya? Tuionyeshe misioni ao tuikatae?» Anayeuliza hivi anangoja jibu la neno moja. Leo tunataka kujaribu njia nyingine, kwa kutazama kazi ya mtu wa upande wetu wa mashariki: Mweze Ngangura, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950, akajifunza ufundi wa sinema Ubelgiji, kisha akafundisha Kinshasa.

Papa Pio XI, katika barua yake ya mwaka 1936, aliwaonya wakristu juu ya hatari za sinema. Papa Pio XII, mwaka 1957, alianza kwa kukumbusha kwamba vyombo hivi, ijapokuwa vimetoka katika akili ya watu, ni zawadi za Mungu. Wengi wetu tumeshika onyo, tukasahau zawadi. Tunahesabu makosa yanayoonekana katika picha, lakini hatuulizi: mtu anatazamwaje humo?

Mweze alianza na picha za mambo yaliyo kweli: mwaka 1980 juu ya mchoraji Chéri Samba, na mwaka 1982 juu ya mji wa Kinshasa. Mwaka 1987, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, alitoa «La Vie est belle». Mwaka 1994 alirudi Kivu na kupiga picha juu ya ufalme wa kwao. Na mwaka 1998 alitoa «Pièces d'identités», maana yake vitambulisho, iliyopewa zawadi ya kwanza huko Ouagadougou mwaka 1999. Wakati wenzake wengi walisema sinema ya Afrika iwe kwanza silaha ya kupigania haki, yeye alisema ni lazima kwanza iwafurahishe watu wa Afrika wenyewe.

Je, kufurahisha kunatosha? Tuangalie «La Vie est belle». Kuru, anayeigizwa na Papa Wemba, anatoka kijijini akitaka kuwa mwanamuziki, na Kinshasa anakuwa boyi wa tajiri Nvouandou. Tajiri huyu ameogopa kwamba nguvu za kiume zimemwisha. Mfumu anamwambia aoe bikira na asimguse kwa siku thelathini. Bikira huyo ni Kabibi, yule yule ambaye Kuru anampenda. Tunacheka sana, na kicheko hicho kina akili: hakimwangukii maskini, kinaiangukia hofu ya mwenye mali. Lakini tunaona kosa moja. Kabibi anapita kutoka mkono mmoja mpaka mwingine kama kitu cha sokoni. Uzuri wake tumeuona. Mawazo yake hatukuambiwa.

Miaka kumi na moja baadaye, katika «Pièces d'identités», Mweze amekwenda mbali zaidi. Mani Kongo, mfalme mzee, anayeigizwa na Gérard Essomba wa Kamerun, alimtuma binti yake Mwana Ubelgiji akiwa na umri wa miaka minane, asome kwa masista, awe daktari. Miaka ikapita, habari zikakatika. Basi mzee anaondoka kumtafuta, amevaa alama zake za ufalme. Kumbe binti hakuwa daktari. Anapata chakula chake kwa kucheza usiku mbele ya walevi.

Fundisho kubwa limo katika zile alama. Kijijini, watu wakiziona wanamheshimu mwenye kuzivaa. Brussels ni vitu vya kale tu, na mwenye fedha anaweza kuvinunua. Mzee anaishiwa, anaziweka rehani. Wakati ule hana tena kitu cha kuonyesha ya kuwa yeye ni nani. Amebaki baba tu. Na hapo ndipo sisi tunaotazama tunamjua kweli. Tunamkumbuka mchungaji anayewaacha kondoo tisini na tisa.

Huku kwetu Kasongo na Kabambare habari hii haihitaji maelezo mengi. Ni wazazi wangapi waliouza mbuzi na mpunga ili mtoto aende kusoma Kindu, Bukavu ao Kinshasa, na barua zikakoma? Wanasema: «Ametusahau.» Mweze anaonyesha kwamba mara nyingine mtoto hakusahau, ameona haya. Hakupata kile alichotumwa kukileta, kwa hiyo anajificha.

Lakini hatusifu yote. Mwisho wa sinema hii umekuwa laini mno. Chaka-Jo, kijana wa damu mbili asiyewajua wazazi wake, anafika kwa wakati unaofaa kama katika hadisi ya bibi jioni. Mweze angeweza kujibu kwamba hadisi ndiyo aliyotaka kusimulia. Ni sawa. Hata hivyo, kidonda cha miaka mingi hakiponi kwa ngoma ya siku moja. Tungependa kumsikia Mwana akimwambia baba yake: «Ulinituma nikiwa mtoto mdogo. Kwa nini?» Neno hilo tumelingojea bure.

Basi, tuionyeshe? Tunasema ndiyo, kwa watu wazima, ijapokuwa kuna zile ngoma za usiku. Kwa sababu pasipo kuona mahali binti alipoanguka, hatutaelewa safari ya baba. Sinema inasema kifaransa, kwa hiyo katekista atafasiri kwa kiswahili. Afasiri maneno tu, asihubiri juu ya picha. Mzee akinyamaza, naye anyamaze. Mafundisho yangoje taa ziwake, na watu waulizwe kwanza wao wameona nini.

Na sisi mapadri na waseminari tujiulize jambo moja. Sisi pia tumetumwa na wazazi wetu, na tunavaa alama: kanzu, kifaransa, diploma. Siku tutakaponyang'anywa vyote hivyo, je, baba yetu kule Kabambare atatutambua kwa kitu gani?