Pongezi kwa Makarani wa Mafao
Mwaka 2018 Tanzania iliunganisha mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikawa mfuko mmoja, PSSSF. Sheria ilipita bungeni. Majalada yakabaki mezani kwa makarani. Mwalimu mstaafu analeta barua ya ajira iliyochakaa, jina lake halilingani na la kitambulisho. Karani analinganisha tarehe za kuzaliwa, anadai hati ya kiapo, anakagua michango mwezi baada ya mwezi, anamwandikia mwajiri kuhusu mwezi uliorukwa. Anajua kwamba tarakimu moja ikikosewa, mzee atalala njaa. Pensheni inapoingia benki, karani hatajwi. Sisi tutakaokula jasho letu uzeeni tuna deni kwake. Tukifika dirishani, tumpe shukrani yake.