Mkulima Asiyenaswa: Uhakiki wa Hoja ya Uchumi wa Undugu

Mwaka 1980 Goran Hyden, mtaalamu wa siasa kutoka Sweden aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kiitwacho Beyond Ujamaa in Tanzania. Hoja yake ingali inafundishwa vyuoni. Wapo pia makada wanaoitumia bila kujua ilikotoka, kila wanaposema kwamba mwananchi wa kijijini habadiliki kwa sababu ya mila. Hivyo inafaa ichambuliwe.

Hyden anadai kuwa mkulima mdogo wa Afrika hajanaswa na dola wala na soko. Ardhi anayo, jembe analo. Akibanwa hurudi kwenye shamba lake la chakula na kuwategemea jamaa na majirani. Mtandao huo wa kusaidiana, ambao kwa Kiswahili tunaweza kuuita uchumi wa undugu, ndio anaouona kuwa kikwazo kwa Ujamaa na kwa ubepari pia.

Tumpe haki yake. Wakati ambapo wasomi wengi wa Mlimani waliona kila jambo kuwa kazi ya ubeberu, yeye alisema kwamba mkulima naye ana nguvu na hila zake. Na undugu huo upo kweli. Mtu anayeuguliwa kijijini, asiye na bima wala akiba benki, hana pa kukimbilia isipokuwa ukoo.

Lakini hoja hupimwa kwa hali halisi. Tutazame korosho, zao la Mtwara na Lindi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Ilipofika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mfuasi wa Hyden atasema wakulima walijitoa sokoni wakarudi kwenye undugu wao. Je, undugu wa Wamakonde na Wamakua uliongezeka mara saba katika miaka 13? Kilichobadilika kinajulikana. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wengi mbali na mikorosho yao, na mti ulio mbali haupaliliwi wala haupogolewi. Bei ya mkulima ilipoteza thamani. Kisha ukaja ubwiriunga, ukungu unaoshambulia maua na machipukizi, ukaikuta mikorosho imesongamana bila mwenyewe. Ukungu hauna mila.

Baadaye watafiti wa Naliendele walionyesha kuwa salfa inauzuia ugonjwa huo. Biashara ilifunguliwa katika miaka ya 1990, watu wakarudi kwenye mashamba yao, na msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Sehemu kubwa ilitoka kusini kule kule. Unyago ungaliko, na watu wanachangiana matanga kama zamani.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi: mkulima wa hoja hii hana mwili. Jembe la mkono huendeshwa kwa chakula na damu, na kazi nzito ya kulima na kupalilia huangukia majira ya mvua, ghala likiwa linakwisha na malaria ikiwa imepanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 juu ya wagema mpira wa Indonesia ulionyesha kuwa wengi wao walikuwa na upungufu wa damu. Walipopewa madini ya chuma, kazi yao ikaongezeka. Hakuna aliyewahutubia juu ya uvivu. Huko kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, minyoo ya safura ilipewa jina la kijidudu cha uvivu, na waliodharauliwa kwa uvivu huo walikuwa pia Wazungu maskini. Kwetu mkoloni alisema Mwafrika ni mvivu, akahalalisha kwa neno hilo kodi ya kichwa na manamba. Kada anayeweka neno “mila” mahali pa neno “uvivu” hajasogea mbali na bwana shamba wa Kijerumani.

Hii haina maana kwamba mila hazina uzito. Zinao, ila hapo neno “undugu” linafunika jambo. Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au hata 14 kwa siku, huku wanaume wengi wakipumzika. Huo ni msimamo wa jamii, wala haukuletwa na mvua au minyoo. Ndani ya uchumi huo wa undugu yumo anayetoa jasho na yumo anayepokea fedha, na mara nyingi ni watu wawili tofauti. Mwanamke anaokota korosho asubuhi mpaka jioni, lakini jina lililoandikwa katika daftari la chama cha msingi ni la mumewe. Kada akitaka kujua kwa nini mwaka unaofuata mwanamke huyo anaweka nguvu zake kwenye shamba la mihogo, ambayo angalau itamlisha yeye na watoto, aanze kwa kulifungua daftari hilo.