Tanbihi Chini ya Safu Mbili

Hapa nyumbani Chumbageni ninazo tafsiri mbili za Qurani kwa Kiswahili, na kila nizifunguapo nashughulishwa na jambo ambalo wengi hulipita: mahali pa tanbihi.

Padri Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alipotoa tafsiri yake mwaka 1923, aliacha matini ya Kiarabu, na maelezo akayaweka mwishoni mwa kitabu. Kurasa zake ni safi. Lakini msomaji asiyefunua nyuma hatajua kwamba mfasiri anabishana na dini aliyoitafsiri.

Sheikh Abdulla Saleh Farsy alishika njia nyingine. Katika Qurani Takatifu, iliyotolewa kamili Nairobi mwaka 1969, Kiarabu na Kiswahili vimekaa ubavu kwa ubavu, na maelezo yako chini. Kazi ya mpangaji kurasa huanzia hapo. Kiswahili hula nafasi kuliko Kiarabu, basi safu hazimaliziki pamoja. Tanbihi ikibanwa chini ya safu moja, maneno hukatwakatwa, na jicho likimaliza aya huteremka moja kwa moja ndani ya maelezo kana kwamba ni mwendelezo. Afadhali ienee upana wote wa ukurasa, kwa herufi ndogo, chini ya mstari unaoonekana.

Nasema kwa kuumwa. Mwaka mmoja chuoni nilichapa shairi kwenye stenseli kwa safu mbili, ufafanuzi nikauweka chini ya safu ya kushoto, mstari nikausahau. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wangu akausoma ufafanuzi ule kama ubeti, na watoto wakamwitikia! Kwa shairi tulicheka. Kwa Qurani, neno la mja kusomwa kama neno la Mungu si jambo la kucheka.

Hata hivyo simsifu Sheikh kwa yote. Maana ya neno au sababu ya kushuka aya, mahali pake ni chini ya ukurasa, karibu na macho. Lakini majibu yake kwa Makadiani, waliotoa tafsiri yao mwaka 1953, ni marefu, nayo yanaifinya aya iliyo juu yake. Hayo yangekaa nyuma, kama alivyofanya Dale.

Mjukuu wangu akisoma hufunika sehemu ya chini kwa daftari mpaka amalize aya. Simkatazi.