Mganga Si Mchawi: Juu ya Majina ya Wahusika katika Mchezo wa Kompyuta

Jina la mhusika hubeba visasili na historia ya waliolibuni. Katika makala haya twanuia kuhakiki majina mawili ya aina za wahusika katika Diablo III, mchezo wa kompyuta uliotolewa na Blizzard Entertainment ya Marekani mwaka 2012: Wizard na Witch Doctor.

Wizard latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya hekima. Witch Doctor nalo, lilipotumika Uingereza katika karne ya 18, lilimtaja mtu aliyewaponya waliorogwa. Baadaye wakoloni waliwabandika waganga wa Afrika jina hilo, nalo likaingia kejeli. Mchezo huu umeirithi taswira hiyo. Mhusika huvaa vinyago, huwaamrisha mbwa wafu, na hutoka katika kabila la Umbaru, msituni Teganze: majina yaliyoundwa yasikike kama ya Kibantu ilhali hayana lugha. Hata hivyo, yafaa tukiri kwamba amefanywa shujaa anayewasiliana na mizimu.

Tatizo lazuka tunapotafsiri. Mtafsiri mwenye haraka atawaita wote wawili wachawi. Lakini tuchukue mtaa wa Kawangware, Nairobi, mwisho wa njia ya matatu nambari 46, ambako lugha nyingi hukutana. Mkikuyu hutenga mũndũ mũgo, anayeponya, na mũrogi, anayedhuru. Mluhya humwita mwenye kudhuru omulosi. Na Kiswahili cha Pwani kina mganga wa kitabu na mganga wa pepo, wote wakiwa mbali na mchawi. Kumwita shujaa mchawi ni kuuvunja mpaka ambao wazungumzaji wenyewe wameulinda.

Mpaka huo una uzito. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Hatudai kwamba mchezo wowote ulihusika. Twasema kwamba neno mchawi, katika nchi hii, lingali hukumu, wala halifai kutumiwa ovyo kwa sababu tu kamusi imelitoa.

Kwa hiyo twapendekeza Wizard aitwe mjuzi, jina linalohifadhi asili yake ya hekima, na Witch Doctor aitwe mganga wa pepo, kwa kuwa kazi yake hasa ni kuita mizimu. Neno mchawi liachiwe wahusika wanaodhuru.