Heko kwa Vitasa wa Kilombero

Mfungaji hubebwa mabegani. Beki hurudi nyumbani na goti lililochubuka. Ndiyo maana leo natoa heko kwa vitasa wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, wanaocheza ligi za wilaya na mkoa, mguu mmoja uwanjani, mwingine kwenye jaruba la mpunga. Masika yakigeuza uwanja tope, mpira hukwama, naye beki sharti aamue haraka: autulize au aubutue.

Ngazi ya kufika Ligi Kuu ni ndefu, lakini hupandika. Shomari Kapombe, beki wa mkoa huu huu wa Morogoro, alitoka Polisi Morogoro akafika Simba, Cannes ya Ufaransa na Taifa Stars.

Basi Jumamosi, beki akiokoa mpira mstarini, mpigie makofi kana kwamba kafunga.