Ukingo wa kushoto wa picha ya Davos

Kukata picha ndani ya kivinjari ni kazi iliyokwisha kukamilika kiufundi. Kivinjari husoma picha iliyo kwenye simu, huichora katika kumbukumbu ya simu hiyohiyo, kisha huandika faili jipya lenye pikseli za ndani ya kisanduku cha kukatia tu. Taarifa za mahali ilipopigwa haziingii humo. Programu inayofanya hivyo kweli hujulikana upesi: ukurasa ukishafunguka, data huzimwa, na kazi inaendelea. Mpiga picha wa harusi pale Kidahwe, barabara ya Kasulu inapoachana na ya Uvinza, anaweza kukata picha za wateja bila hata moja kupandishwa kwenye seva ya mtu wala kula bando. Linalobaki ni kisanduku chenyewe kiwekwe wapi, na hapo ndipo picha ya Davos ilipoharibiwa.

Picha hiyo inajulikana. Januari 2020, mjini Davos, wanaharakati watano wa tabianchi walisimama mbele ya Markus Schreiber, mpiga picha wa shirika la habari la AP. Kutoka kushoto: Vanessa Nakate wa Uganda, Luisa Neubauer, Greta Thunberg, Isabelle Axelsson na Loukina Tille. Iliyosambazwa ilikuwa na wanne. Ukingo wa kushoto ulisogezwa ndani hadi Nakate, Mwafrika pekee, akatoka. David Ake, mkuu wa picha wa AP, alieleza kwamba mpiga picha alibanwa na muda, na aliona jengo la nyuma linavuruga mpangilio.

Sababu hiyo haisimami hata kwa kanuni za mpangilio peke yake. Kisanduku hupungua kwa pande nne tu. Hakiwezi kuondoa kilicho nyuma ya mtu kikamwacha mtu. Jengo likiwa nyuma ya Nakate, kulikata ni kumkata yeye. Dawa ya usuli mbaya ni miguu: mpiga picha husogea, au huwasogeza anaowapiga. Ikishindikana, jengo huachwa lionekane.

Tena, kati ya watano Thunberg ni wa tatu, katikati kabisa, wawili kila upande. Kati ya wanne anakuwa wa pili, mmoja upande huu na wawili upande ule. Aliyekata kwa ajili ya mpangilio alivunja mpangilio uliokuwepo tayari. Na picha ya pamoja ina sharti linalotangulia uzuri: waliosimama pamoja ndio habari yenyewe. Maelezo ya picha yakabaki na majina manne, na msomaji asingejua kuwa lipo la tano. Ilibidi Nakate mwenyewe alalamike hadharani. AP iliiondoa picha ile, ikaweka nyingine, na mhariri mkuu wake, Sally Buzbee, akaomba radhi.

Uamuzi wa aina hiyo uliwahi kukabidhiwa mashine. Tangu 2018 Twitter iliacha programu ichague sehemu ya picha ya kuonyesha. Mwaka 2020 watumiaji walilalamika kwamba inapendelea nyuso za Wazungu, na mwaka 2021 utafiti wa kampuni yenyewe ulikiri upendeleo huo. Lawama ya mashine kuamua nani aonekane inazihusu pia programu za kivinjari zinazofungua kisanduku cha mraba kabla mtumiaji hajagusa chochote: mraba juu ya picha ya kundi huanza kwa kuwatoa wa pembeni.

Kabla kukata hakujawa rahisi hivi, hali ilikuwa tofauti. Mpiga picha Hugo van Lawick alifika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mwaka 1962 kwa kazi ya National Geographic, akiwa na filamu ambazo hangeweza kuziona papo hapo. Ukingo uliamuliwa kwanza jicho likiwa kwenye kamera. Katika picha yake ya mtafiti Jane Goodall na Flint, mtoto wa sokwe mtu aliyezaliwa 1964, mikono miwili inanyooshwa kuelekeana na kati yake ipo nafasi ndogo. Akitolewa mmoja, unabaki mkono usioelekea kwa yeyote. Umakini huo wa kingo zote nne hupotea upesi kukata kunapokuwa rahisi.

Kwa picha ya kundi, kisanduku huanza na fremu nzima. Kila ukingo husogezwa peke yake, na husimama kabla ya kugusa bega la mtu wa pembeni. Mraba ukilazimishwa na mahali picha inapokwenda, huongezwa nafasi tupu juu na chini, watu wasipunguzwe. Picha ya asili hubaki na jina lake, na iliyokatwa huhifadhiwa kwa jina jingine.