Onyesho lisilo letu: watazamaji wa taa za dagaa Kigoma

Kama umewahi kulala Kigoma siku za giza, yaani zile siku za mwezi ambazo mwezi wenyewe hauonekani usiku, basi unajua ninachotaka kuzungumzia. Giza likishaingia ziwa ni jeusi tii. Baadaye inawaka taa moja, mbili, kumi. Ikifika saa tatu umeshaacha kuhesabu. Mgeni aliyekaa pembeni yako anatoa simu, na ndani ya dakika moja atasema mojawapo ya haya: "Kama mji!" au "Kama nyota!" au, siku hizi, "Jamani, kama Dubai!"

Mimi nimekulia Ujiji, na utafiti wangu unanirudisha ziwani kila mwaka, kwa hiyo maneno hayo nimeyasikia mpaka yamenichosha. Na leo nataka kufanya jambo ambalo kwenye blogu yetu hatulifanyi mara nyingi. Nataka kuhakiki. Taa nitazigusa, lakini ninaowahakiki hasa ni watazamaji, mimi nikiwemo.

Tuanze na Dubai. Ile chemchemi iliyo chini ya Burj Khalifa ilizinduliwa mwaka 2009. Ina urefu wa mita 275, inarusha maji mpaka kama mita 150 juu, na maji yanacheza kufuata muziki. Ndugu zetu walioko Ghuba wametutumia video zake mpaka hata asiye na pasipoti anaijua. Sina ubaya nayo. Ni kazi ya uhandisi iliyopimwa vizuri: kuna mtu alikaa akafikiria shingo yako itainuka lini na utasema "aah" sekunde ya ngapi. Ukiondoka bila kusema "aah" una haki ya kulalamika, maana onyesho lilitengenezwa kwa ajili yako.

La Kigoma halikutengenezwa kwa ajili yako. Mtazamaji aliyekusudiwa ana urefu wa sentimita kama kumi akishakua kabisa, na jina lake la kitaalamu ni Stolothrissa tanganicae. Sisi wa ufukweni tumejialika wenyewe. Hapo ndipo kosa la kwanza la "kama Dubai" lilipo, na ni kosa linalozaa mengine.

Hebu tumtazame huyo mtazamaji halisi. Mchana dagaa hushuka kwenye kina, mbali na macho ya samaki wanaomla. Hawezi kushuka atakavyo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni inaishia juu sana, kwenye mita 100 hadi 200 hivi, na chini ya hapo samaki haishi. Usiku vijidudu anavyokula vinapanda karibu na uso wa maji, naye anavifuata. Sasa wavuvi wa kipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wanashusha wavu chini, wananing'iniza taa juu ya maji, kisha wanasubiri. Saa nzima, saa mbili, pengine zaidi. Maelezo ya kwa nini dagaa anaifuata taa ni zaidi ya moja: kwenye mwanga anakiona chakula chake, na kwenye mwanga anawaona wenzake, akaweza kukaa kundini. Pembeni, pale mwanga unapokutana na giza, migebuka nao wamekuja, na hao hawakufuata taa, wamefuata dagaa. Kwa hiyo ukumbi una watazamaji, na una wanaowala watazamaji. Halafu wavu unavutwa juu.

Nadhani umeanza kuona kwa nini neno "burudani" linanikwama.

Lakini sitaki kuwa mnoko. Uzuri upo, na una sababu zinazopimika. Umewahi kujiuliza kwa nini aliyekaa kilimani anasema "mji" na aliyesimama kwenye mchanga wa Kibirizi anasema tu "taa nyingi"? Dunia ni mviringo, basi. Ukisimama ukingoni mwa maji, macho yako yakiwa mita 1.7 juu, upeo wako unaishia kilomita 4.6 hivi. Taa iliyoning'inizwa mita moja juu ya maji unaweza kuiona mpaka kama kilomita 8, ikizidi hapo imejificha nyuma ya mgongo wa ziwa. Panda mlima wa mita 100 juu ya ziwa, hesabu ileile inakupa karibu kilomita 39, na upana wa ziwa lenyewe kwa wastani ni kilomita 50 hivi. Aliye juu anaona mara tano mbali zaidi, na taa zote hizo zinabanana kwenye ukanda mwembamba chini ya mbingu. Ndiyo maana zinafanana na mitaa. Mji ule unatengenezwa na kiti ulichokalia. Kule ziwani kwenyewe, kutoka kipe kimoja hadi kingine ni mbali, na aliye ndani ya kimoja haoni mji wowote. Anaona duara la maji ya kijani, na pembeni ni giza.

Na kwa nini siku za giza tu? Hapa kuna hesabu ninayoipenda. Mwezi mpevu ukiwa utosini unamwaga mwanga wa kama luksi 0.2. Chukua taa yenye nguvu ya kandela 400. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukienda mita 45 tu kutoka kwenye taa, mwezi na taa wamelingana nguvu. Usiku wa nyota peke yake mwanga wa angani ni luksi 0.001 au chini ya hapo, na taa ileile inashinda mpaka zaidi ya mita 600. Ukipiga eneo, ni mara 200. (Hiyo ni hewani. Majini mwanga unamezwa haraka zaidi, ila uwiano unaeleweka.) Mbalamwezi ikiwaka, mvuvi anamuuzia dagaa kitu ambacho anga linagawa bure. Ndiyo maana anapumzika, anashona nyavu.

Kuhusu mwonekano, nitasema maoni yangu na ukatae ukitaka: onyesho la zamani lilikuwa zuri zaidi. Karabai za mafuta ya taa zilikuwa na mwanga wa njano unaopumua, na ukiwa karibu unasikia ule mluzi wake. Taa za LED za siku hizi ni nyeupe, kali, kimya. Wanapozisifu kwenye video wanasifu ukali. Lakini mvuvi hanunui mafuta ya taa tena kila jioni, na hajipulizii moshi usoni usiku kucha, kwa hiyo hamu yangu ya rangi ya njano haina uzito wowote sokoni Kibirizi, na sawa.

Sasa nikiri. Miaka michache iliyopita nilirekodi video nzuri sana kutoka mlimani. Nikaiandikia "Dubai yetu, mwisho wa reli". Ilisambaa, watu wakapenda, wengine wakauliza nauli ya kuja. Mjomba wangu, ambaye usiku ule alikuwa mojawapo ya zile taa, akanitumia ujumbe wa sauti asubuhi. Hakukasirika hata. Alisema, "Mjomba, nimeiona. Nzuri. Sisi tumerudi na beseni moja, watu watano." Akaniulizia afya, akakata.

Nilirudi kuitazama ile video. Taa zilikuwa nyingi kuliko kawaida, ndiyo iliyonivutia. Sikujiuliza kwa nini. Kuna mama anayeanika dagaa pale Kibirizi ambaye huzitazama taa zilezile kila usiku, na nilipomuuliza anaona nini, aliniuliza yeye kwanza: "Zimetulia au zinahamahama?" Kwake, taa zinazohama usiku kucha ni vipe vinavyotafuta na havipati, na kesho bei iko juu. Huyo ndiye mhakiki bora niliyewahi kukutana naye ufukweni. Anajua anachokitazama kinafanya kazi gani. Mimi na shahada zangu niliona mwanga tu.

Na hapa kuna jambo linaloninyima raha. Onyesho linaweza kupendeza zaidi huku ziwa likizidi kuchoka. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, upepo umepungua, na maji ya juu hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Virutubisho vinabaki vimefungiwa kule kwenye kina. Makadirio yao ni kwamba uzalishaji wa mwani ulishuka kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingeweza kushusha samaki kwa kama asilimia 30. Wapo watafiti waliojibu kwamba wingi wa uvuvi unatosha kueleza upungufu. Kisha mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaonyesha kutoka kwenye tope la sakafuni kwamba kupungua kwa samaki kulianza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaja. Mimi naona sababu zote mbili zinavuta kamba upande mmoja. Na samaki wakiwa wachache, mvuvi anafanya nini? Anaongeza taa. Sisi mlimani tunapiga makofi.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Giza la mwanzoni mwa Julai lilinikuta nyumbani, nikapanda mlima uleule. Hakukuwa na taa hata moja. Kulikuwa na kikundi cha vijana waliokuja kutoka mbali, na mmoja alisimama kama dakika mbili, akasema, "Leo hakuna kitu," wakaondoka.

Nilitaka kumwita. Julai saa tatu usiku, anga la kiangazi likiwa safi, ule utepe mweupe wa galaksi yetu unapita angani kutoka mashariki hadi kusini, na ukanda wake wenye nyota nyingi kuliko zote uko upande wa kusini-mashariki. Wale wale wanaozisifu taa "kama nyota" waliletewa nyota zenyewe, wakasema hakuna kitu. Lakini nami nisijifanye bingwa. Chini mjini kulikuwa na nyumba ambazo giza lile lilimaanisha miezi mitatu bila kipato cha ziwani, ugali wa muhogo bila dagaa wa mawese, na kwa watu hao "hakuna kitu" lilikuwa neno sahihi kabisa. Kijana yule na mama wa Kibirizi wangeweza kusema sentensi moja usiku mmoja na kila mmoja akawa na maana yake.

Ziwa lilipofunguliwa katikati ya Agosti, watu walikuja kutazama taa zikirudi. Hakuna aliyekuwa ameangalia kalenda: mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, ulijaa tarehe 19. Vipe vilivyotoka vilionekana vidogo, vimefifia, na ziwa zima lilikuwa la fedha. Simu zilirudishwa mifukoni. Giza la kweli lilifika mwanzoni mwa Septemba, na nilipanda tena, safari hii na darubini ndogo ya maabara na daftari. Nilikuwa nahesabu taa zilizotulia na zinazohama. Ilipofika saa saba usiku nilimpigia yule mama, naye hakuwa amelala.

"Zimetulia," nilimwambia.

"Ngoja zifike saa tisa," akasema.